Heshima ya Ajali Isiyotokea

Mtu akimwokoa mtoto aliyetumbukia kisimani, kijiji kizima hulijua jina lake kabla ya jua kuchwa. Mtu aliyekifunika kisima kama hicho miaka kumi iliyopita, hata mtoto asipate kutumbukia, hakuna ajuaye jina lake. Wote wawili wamehifadhi uhai, na yumkini wa pili amehifadhi uhai wa watoto wengi zaidi. Mbona basi shukrani zote humwendea wa kwanza? Swali hili ni la maadili, wala si dogo, kwa sababu namna taifa linavyogawa sifa zake ndiyo namna linavyowafundisha vijana wake lipi la kutenda.

Nataka kulichunguza swali hilo katika kazi za namna tatu: ujenzi, huduma za umeme na maji, na uchukuzi. Kazi hizi ni uti wa mgongo wa nchi, nazo huwaweka watu karibu na mauti kila siku: mmoja juu ya ghorofa, mwingine chini ya ardhi, mwingine mbele ya usukani. Tangu mwaka 2003 Shirika la Kazi Duniani limeifanya tarehe 28 Aprili kuwa Siku ya Usalama na Afya Kazini. Hapa Tanzania, ambako Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka huo huo wa 2003, siku hiyo huadhimishwa kwa hotuba, kwa maonyesho, na kwa kutoa tuzo kwa sehemu za kazi zilizofanya vizuri. Siku tatu baadaye huja Mei Mosi, na wafanyakazi bora huitwa mbele kupewa vyeti na zawadi.

Je, ni haki kumtuza mtu kwa jambo ambalo halikutokea? Na kama ni haki, tumtuze nani, na kwa tendo gani? Wahenga wametuachia methali mbili. Ya kwanza yasema chanda chema huvikwa pete. Ya pili yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali ya kwanza yatuamuru kutoa. Ya pili yatuonya juu ya kutoa. Mimi naamini zote mbili zasema kweli, na kazi yetu ni kujua mahali pa kila moja.

Kizuizi cha kwanza kimo katika neno lenyewe. Neno ajali limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliokadiriwa, yaani kikomo cha uhai ambacho binadamu hawezi kukisogeza mbele wala nyuma. Kwa maana hiyo methali isemayo ajali haina kinga ni kweli tupu. Lakini lugha haisimami mahali pamoja. Leo neno hilo hilo twalitumia kwa basi lililopinduka kwa sababu ya mpira uliokwisha, na kwa jukwaa la mafundi lililoanguka kwa sababu mirunda yake ilifungwa kwa kamba iliyooza. Maana ya neno imebadilika, lakini methali imebaki na nguvu zake za zamani. Na kwa njia hiyo mpira uliokwisha hupewa hadhi ya kudura. Msimamizi aliyewaamuru vijana kupanda jukwaa bovu huenda msibani, hutikisa kichwa, akasema siku ya marehemu ilikuwa imefika. Wafiwa, kwa ustaarabu wao, huitikia kuwa ndivyo.

Sisemi haya kwa kuibeza imani. Dini zetu kubwa mbili hazikumpa mzembe maficho. Waislamu wa pwani na wa bara wanayajua mafundisho yanayomtaka mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Na katika Kumbukumbu la Torati mjenzi wa nyumba mpya anaagizwa kuzungushia dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tuzingatie jambo hilo: sheria iliyoandikwa zamani sana, kwa watu waliokuwa na ngazi na matofali tu, ilikwisha kutambua kwamba mtu anayeanguka kutoka mahali pasipo na kizuizi hakuanguka kwa kudura peke yake. Iko damu juu ya nyumba.

Kizuizi cha pili kimo katika jicho letu. Jicho la mwanadamu hupenda kisa chenye vumbi na kelele. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, nayo ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mwaka 1898, huko Tsavo, simba wawili walikuwa wakiwavamia na kuwala wafanyakazi kambini, hata kazi ikasimama. Mhandisi John Henry Patterson akawaua mwezi wa Desemba mwaka huo. Kisa hicho kimeandikwa vitabuni na kuchezwa katika sinema, na simba wenyewe wamekaushwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago, ambako watu huenda kuwatazama hata leo. Lakini katika ujenzi wa reli ile walikufa wafanyakazi wa Kihindi wapatao 2,500, mbali na Waafrika, na wengi katika hao hawakupata kumwona simba yeyote. Waliuawa na homa, na kuhara damu, na mawe, na mabehewa. Aliyewaua simba wawili jina lake tunalo. Aliyesimamia maji ya kunywa yachemshwe, ikiwa alikuwapo mtu kama huyo, hana jina wala sanamu.

Hata katika kazi tunazoziita zetu wenyewe jicho ni lile lile. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilomita 1,860 hivi. Wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi hiyo, na huko Gongo la Mboto yako makaburi ya Wachina waliofia ugenini kwa ajili yetu. Ni vema kuyatunza makaburi hayo, na asiyeyaheshimu hana utu. Lakini katika ujenzi ule maelfu kwa maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walirudi makwao wakiwa wazima. Je, hatuna deni lolote kwa wale waliokagua paa la handaki kabla wenzao hawajaingia?

Ziko nyakati chache ambapo jambo lisilotokea huonekana kwa macho. Daraja la Golden Gate, huko San Francisco nchini Marekani, lilianza kujengwa mwaka 1933. Wakati huo wajenzi wa madaraja walikuwa na hesabu yao ya kikatili: kila dola milioni moja za ujenzi zilitazamiwa kuchukua roho moja. Daraja lile liligharimu dola milioni 35 hivi. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliamuru kila mtu avae kofia ngumu, na chini ya daraja ukatandazwa wavu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watu 19 walianguka wakadakwa na wavu huo. Baadaye wakajiita, kwa mzaha, wanachama wa klabu ya walioishia nusu ya njia ya kwenda jehanamu. Kinga ile haikuwa kamili, kwani tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito lilianguka, likaupasua wavu, na watu 10 wakafa kwa mara moja. Wote waliokufa katika ujenzi mzima walikuwa 11. Hata hivyo kinga ilikuwa na mashahidi 19 waliokula, wakanywa, wakazeeka.

Lakini aghalabu kinga haina wavu wa kuhesabia watu. Mtazame fundi wa umeme anayetumwa kutengeneza laini iliyoharibika. Kabla ya kupanda nguzo hukata umeme. Hutia kufuli kwenye swichi na kutundika kibao cha kuonya kuwa mtu yuko kazini. Hupima kwa chombo kuhakikisha kama laini imekufa kweli. Kisha huiunganisha na ardhi, ili umeme ukirejeshwa kwa makosa upate njia ya kushukia isiyopita mwilini mwake. Matengenezo yenyewe yaweza kuwa ya dakika kumi, na matayarisho yakachukua nusu saa. Wakati huo wote mtaa uko gizani, na wenye maduka wanalalamika.

Mtazame na mchimba mtaro wa bomba la maji. Mita moja ya ujazo ya udongo yaweza kuwa na uzito wa tani moja na nusu, sawa na uzito wa gari, na ukuta wa mtaro hauna desturi ya kuaga kabla ya kuanguka. Kwa hiyo mtaro wenye kina hutiwa mbao na magogo ya kuzuia kuta zake, au kuta hulazwa zisisimame wima. Bomba likisha kulazwa mbao hutolewa, udongo hurudishwa, na nyasi huota. Hapana mtu apitaye hapo akasema: mahali hapa palikuwa na kazi njema.

Mtazame mwisho dereva wa basi la safari ndefu. Mwendo wa gari ukizidishwa mara mbili, umbali unaotakiwa na breki kulisimamisha huzidi mara nne; hiyo ni kanuni ya maumbile, haibadiliki kwa ujasiri wa mtu. Dereva anayeijua hupunguza mwendo penye mteremko, hukataa kuondoka stendi kabla breki hazijakaguliwa, na usingizi ukimlemea husimama. Abiria humwita mzembe, na tajiri wake humwuliza kwa nini mabasi ya wenzake yalimtangulia.

Hapo hutokea mtu mwenye hoja nzito. Husema: fundi kukata umeme kabla ya kupanda nguzo ni wajibu wake, naye hulipwa mshahara kwa kuutimiza. Tangu lini mtu akapewa zawadi kwa kutoiba? Hoja hii ina kweli ndani yake. Jamii inayotoa medali kwa kila wajibu uliotimizwa itakuwa imekubali kwamba wajibu ni jambo la hiari. Lakini mwenye hoja amesahau bei. Wajibu una bei mbalimbali kwa watu mbalimbali. Meneja anayesema usalama kwanza akiwa mezani pake halipi kitu kwa maneno hayo. Kibarua anayekataa kushuka katika mtaro usio na mbao hulipa ujira wa siku ile, na labda wa siku zote zitakazofuata, kwani langoni wako wengine kumi wanaongojea nafasi yake. Ikiwa wote wawili wametimiza wajibu, hawakutimiza kwa gharama moja. Heshima ni ya yule ambaye wajibu ulimgharimu, na zaidi ikiwa ulimgharimu kwa ajili ya uhai wa mwenzake.

Basi pete na ivikwe. Lakini sasa ndipo methali ya mgema inapodai zamu yake.

Katika malango ya sehemu nyingi za kazi duniani hutundikwa ubao unaohesabu siku zilizopita bila ajali, na zawadi huahidiwa hesabu ikifika kiwango fulani. Nia ni njema. Lakini tuchukulie kwamba zawadi imeahidiwa siku ya 200, na siku ya 199 kijana mmoja akakatwa kidole na msumeno. Wenzake, ambao kila mmoja amekwisha kuipangia matumizi zawadi yake, watamtazama kwa jicho gani? Watamsihi afunge kitambaa na kunyamaza. Msimamizi atampeleka kwa siri zahanati ya mbali. Kesho yake ubao utasoma 200, picha zitapigwa, na msumeno usio na kinga utabaki pale pale ukingojea kidole kingine. Zawadi iliyokusudiwa kuzuia majeraha imezuia habari za majeraha. Tembo limekwisha kutiwa maji.

Hata hesabu isipokuwa ya uongo yaweza kupotosha. Kazi ya kuchimba mafuta baharini si mojawapo ya hizi tatu tunazozizungumza, lakini ina somo ambalo kazi zote zinalihitaji. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, wakubwa wa kampuni walikitembelea chombo cha kuchimbia mafuta kiitwacho Deepwater Horizon, na wakawapongeza wafanyakazi wake kwa kumaliza miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kwenda kazini. Usiku ule ule chombo kililipuka, wakafa watu 11. Hapakuwa na uongo katika ile miaka saba. Lakini hesabu ya watu walioteleza ngazini na waliobanwa vidole haikuwa na habari yoyote juu ya gesi iliyokuwa ikipanda kutoka kisimani. Walisifiwa kwa walichokihesabu, na wakauawa na wasichokihesabu.

Tena kuna jambo kubwa zaidi ambalo ubao wa langoni haulihesabu kamwe, nalo ni maradhi. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi zao. Katika hao, waliouawa na ajali ni 330,000 hivi. Waliobaki, wapatao milioni 2.6, waliuawa na magonjwa yaliyotokana na kazi. Mtu anayekata mawe au kutoboa handaki huvuta vumbi ambalo hukaa katika mapafu yake miaka mingi kabla ya kumwangusha. Atakapoanguka atakuwa amekwisha kustaafu, na atafia kitandani kwake, mbali na ubao. Msimamizi aliyeamuru jiwe limwagiwe maji wakati wa kukatwa ili vumbi lisiruke ameokoa uhai ambao matunda yake yataonekana baada ya miaka ishirini, na wakati huo hakuna atakayemkumbuka. Tukituza hesabu ya siku peke yake, tumemtupa mtu huyu nje ya heshima yetu.

Liko na jambo la bahati. Fikiri madereva wawili walioondoka asubuhi moja, kila mmoja akijua kuwa breki zake ni mbovu. Mmoja njia ilikuwa nyeupe, akafika salama. Mwingine mtoto alikatiza barabara. Wa pili twamfunga jela. Wa kwanza, mwisho wa mwaka, twaweza kumpa cheti cha dereva asiye na ajali. Lakini kosa lao ni moja. Kinyume chake, fikiri msimamizi aliyesimamisha umwagaji wa zege kwa sababu aliona mrunda mmoja umepinda. Mafundi wakautoa, wakatia mwingine, na siku ikapotea. Je, ule wa kwanza ungevunjika? Hakuna ajuaye, wala hatajua kamwe. Azuiaye jambo amejinyima ushahidi wa kwamba alilizuia.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, moyo wa swali letu ulipo. Ikiwa tutapima matendo kwa mwisho wake tu, basi mzembe mwenye bahati atakuwa bora kuliko mwangalifu asiye na ushahidi. Hatuna budi kulipima tendo kwa yale mtendaji aliyoyajua na kwa sababu alizokuwa nazo wakati wa kutenda. Sheria za kimataifa nazo zimeielekea njia hiyo. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa mahali alipoamini, kwa sababu za kuridhisha, kuwa pana hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai wake. Mkataba haukudai kwamba hatari itokee ndipo mtu ahesabiwe kuwa mkweli. Na mwezi Juni 2022 nchi wanachama wa Shirika hilo zilikubaliana kuwa mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Basi tumvike nani pete? Kwanza, tumvike asemaye. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Washington, nchini Marekani, iligonga mlima kwa sababu marubani walielewa vibaya ruhusa ya kushuka. Watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Katika uchunguzi ilidhihirika kwamba wiki sita kabla yake marubani wa kampuni nyingine walikuwa wamekosea vivyo hivyo, wakaponea chupuchupu, nao wakaitaarifu kampuni yao. Lakini habari hiyo haikuwafikia wengine. Mwaka 1976 ukaanzishwa nchini humo utaratibu wa marubani kueleza hatari na makosa, hata makosa yao wenyewe, bila majina yao kutangazwa; na taarifa zao zikakabidhiwa taasisi isiyo na mamlaka ya kuwaadhibu. Wamarekani walikuwa wamejifunza kwa roho za watu 92 kwamba habari ya ajali iliyokaribia kutokea ni mali, na aileteye ni mfadhili. Kwetu sisi aletaye habari kama hiyo huitwa mchongezi, na jina hilo limekwisha kuua watu.

Pili, tumvike asimamishaye. Nimekwisha kueleza bei anayoilipa. Tatu, tumvike amlindaye mtu asiye na jina katika orodha: kibarua wa siku moja asiyepewa kofia, utingo alalaye chini ya lori, mama auzaye chakula kando ya jengo, mpita njia. Sehemu ya kazi inayowalinda wenye ajira ya kudumu na kuwaacha hawa haikustahili pete, hata ikiwa ubao wake unasoma siku elfu moja. Nne, tumvike adumuye: yule ambaye kwa miaka mingi amekagua kamba, amepima gesi, amelowesha vumbi, bila kuchoshwa na ukweli kwamba hakuna lililotokea.

Tena tuzo hizo ziwe ndogo kwa fedha na kubwa kwa heshima, maana fedha nyingi humfanya mtu afikirie namna ya kuficha. Zitolewe kwa tendo linaloweza kutajwa, si kwa ukimya wa kitabu cha ajali. Na katika kuzitoa wasikilizwe walio chini, kwa kuwa mchimba mtaro ndiye ajuaye ni nani aliyemletea mbao. Kikombe kikiishia katika kabati la mkurugenzi, hapo kilichotuzwa ni kabati.

Wala mtu asidhani kwamba kuipa kinga heshima ni jambo geni lililoletwa na meli. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakasafisha visima. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole mtoto fulani ambaye hakuugua kwa sababu ya choo fulani. Hata hivyo watu walichimba, na wakaona fahari kuchimba.

Na lugha yetu ina ushahidi wa zamani zaidi. Mgema yule yule tuliyemtaja ni mtu wa kazi ya hatari. Kila siku uhai wake unaning'inia juu ya mnazi. Ili mguu upate pa kukanyaga, hukatwa pengo katika shina, hatua kwa hatua, hadi kileleni. Akataye mapengo hayo hukata mara moja. Baada yake hukwea wengine miaka mingi, wakwezi kwa wagema, wasijue ni nani aliyewatangulia na panga lake. Pengo hilo huitwa kidato. Nanyi wanafunzi wa sekondari mnaosoma maneno haya, mkiulizwa mko wapi katika masomo, hujibu: kidato cha kwanza, kidato cha pili, kidato cha nne. Jina la darasa lenu ni jina la kinga ya mkwezi.

Kwa hiyo nawaomba walimu jambo moja dogo. Siku ya kufunga shule, mkisha kuwazawadia waliofaulu hisabati na walioshinda mbio, mtafuteni na yule mwanafunzi aliyekuja kueleza kuwa waya wa maabara umechunika, au kwamba ngazi ya bweni imelegea, wakati wenzake walikuwa wakiipanda na kunyamaza. Mwiteni mbele, mlitaje tendo lake kwa sauti, mumpe mkono. Mzazi mmoja akiuliza ni jambo gani kubwa lililotokea kwa sababu ya mtoto huyo, msione haya kumjibu kwamba hakuna lililotokea.